Haradali Ikichanua, Ing'oe

Shambani, 4 Juni

Profesa,

Salamu nimeziruka makusudi. Ningekuuliza hali ningekuwa najisumbua bure, maana hali yako sitaki kuijua leo. Nataka wewe ujue yangu.

Kabichi zimeisha. Sisemi zimeshambuliwa wala zimeathirika, hayo ni maneno ya huko ofisini kwenu. Zimeisha. Ukiinua jani unaona mawingu upande wa pili. Viwavi wametoboa mpaka katikati, na ukiipasua kabichi inanuka kama maji ya mtaro. Dereva wa lori amekuja kupakia, ameziangalia, amewasha gari. Hata pole hakusema.

Ulinambia nini? "Kaka, achana na dawa. Panda haradali pembezoni na katikati ya matuta. Nondo, yule kipepeo wa usiku anayezaa viwavi, anapenda harufu ya haradali kuliko ya kabichi. Ataifuata, atataga mayai huko, kabichi zako zitapumua." Nikakuamini, mimi mjinga. Pakiti ya kwanza niliimwaga kabla miche ya kabichi haijatoka kitaluni, ya pili nikaimwaga baadaye, vilevile ulivyoelekeza. Wapita njia walisimama kunicheka: huyu bwana analima chakula cha wadudu! Nikawajibu kwa majivuno kwamba mdogo wangu anafanya kazi kituo cha utafiti, anajua anachosema.

Basi nondo walikuja. Hongera, harufu yako inafanya kazi. Walikuja kama waliotumiwa kadi za mwaliko, wakala haradali, wakazaa, wakalea, kisha wakahamia kwenye kabichi na ukoo mzima.

Usinipigie simu. Kwenye simu unanikatiza kila sentensi, na mwisho najikuta nimekubali jambo nisilolijua. Barua utaisoma mpaka mwisho upende usipende. Jibu mpe huyo huyo dereva, anapita hapa kila wiki.

Bomba langu la kupigia dawa liko darini. Nalishusha.

Kaka yako

*

Kituoni, 8 Juni

Kaka,

Ukishusha hilo bomba, tusijuane.

Umesahau mwaka juzi? Mimi sijasahau. Ulianguka katikati ya matuta, mate yanakuchuruzika kama mtoto anayeota meno, mwili mzima unatetemeka. Wifi alikuburuta kwa miguu, kwa sababu shati lako lilikuwa limelowa dawa na hakujua akushike wapi. Daktari alisema mbele yangu: huyu sumu imeshamjaa mwilini, akiipiga tena asiletwe kwangu, apelekwe kwa fundi majeneza. Wewe ulicheka. Ulikuwa na mpira puani na bado ulicheka. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo usiniandikie habari ya bomba kama mtu anayetaja mwavuli.

Sasa nijibu bila kejeli. Haradali ilipoanza kutoa maua, uliing'oa? Niliandika kwa herufi kubwa nyuma ya pakiti zote mbili: IKICHANUA, ING'OE. Haradali si dawa, kaka. Ni mtego, na mtego usipotegwa na kuteguliwa kwa wakati unamnasa mwenyewe. Ikiwa changa, majani yake yanamvuta nondo na anataga hapo. Ikichanua, majani yanakomaa, yanakuwa magumu, nondo hayataki tena. Na wale viwavi waliolelewa pale nao wanageuka nondo, wanatafuta pa kutaga, na jirani yao ni kabichi. Inatakiwa kung'olewa na kufukiwa ikiwa na mayai yake na watoto wake. Usipofanya hivyo umewajengea wadudu hospitali ya uzazi mlangoni pako.

Nijibu hilo tu. Ndiyo au hapana.

Na mama vipi? Nikipiga simu yake anapokea wifi. Mama yuko bafuni. Mama amelala. Mama ametoka kidogo. Tangu lini mama akawa na shughuli kama mbunge? Au umemkataza kuongea na mimi?

Mdogo wako

*

Shambani, 11 Juni

Profesa,

Ndiyo. Niling'oa. Yote. Nikafukia.

Leo hii naulizwa na mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika jembe kama nimeng'oa magugu yake. Tafuta kosa lingine la kunibandika, hilo halinati. Labda mbegu zenu zilikuwa mbovu. Labda nondo wa huku hawajasoma vitabu vyenu.

Mama hajambo. Ni mtu mzima, ana mambo yake, hajakatazwa kitu. Na nakuomba usije. Najua ukisoma hapa utataka kupanda basi. Usije. Nyumba haina nafasi na mimi sina subira ya kukaa meza moja na mtu atakayenikagua kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani.

Nina kabichi za matuta ya chini ambazo bado zinaweza kuokolewa. Hizo ndizo tutakazokula na kulipia kila kitu mpaka msimu ujao. Bomba nimelishusha. Mpira wake ulikuwa umepasuka, nimeweka mpya.

Kaka yako

*

Kituoni, 15 Juni

Kaka,

Nimetafuta neno la heshima la kuweka hapa na sijalipata, kwa hiyo nasema wazi: umenidanganya.

Huyo dereva wako wa lori ana mdomo. Aliponipa barua yako nilimuuliza tu barabara ikoje, akanijibu, "Barabara mbaya, dada, lakini shamba la kwenu limependeza! Njano tupu, kutoka barabarani mpaka kisimani." Njano, kaka. Kabichi hazichanui njano kutoka barabarani mpaka kisimani. Hiyo ni haradali, imechanua, imeachwa, na wewe umekaa umeniandikia "yote, nikafukia."

Nimekaa na jambo hili usiku na mchana nikijiuliza kwa nini. Uvivu? Hukuwahi kuwa mvivu. Kusahau? Niliandika kwa herufi kubwa. Limebaki moja. Ulitaka nishindwe. Tangu baba aamue kwamba mimi niendelee na shule na wewe ubaki na shamba, umekuwa ukiisubiri siku ambayo masomo yangu yataanguka mbele ya watu, na ili uione uko radhi kabichi ziliwe na wewe mwenyewe ufe kwa sumu. Hiyo ni chuki ya namna gani, inayomuua mwenye nayo?

Nimemwandikia mama. Barua yake iko kwenye bahasha hii hii. Ukiificha nitajua.

Mdogo wako

*

Kituoni, 15 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukuletea ugomvi wa watoto wako, lakini wewe ndiye mtu pekee anayemsikiliza. Kaka ameshusha bomba la dawa. Unakumbuka daktari alichosema. Anafanya hivyo kwa sababu viwavi wamemaliza kabichi, na viwavi wamemaliza kabichi kwa sababu alikaidi kung'oa haradali. Mwamuru, mama. Mkaripie kama ulivyokuwa ukimkaripia zamani. Mimi hanisikii.

Na kwa nini hupokei simu zangu? Kama nimekukosea, niambie.

Mwanao

*

Shambani, 18 Juni

Wifi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ningepiga simu, ila nyumba hii ukipiga chafya chumbani unaombewa afya jikoni. Na nina maneno ambayo yamenijaa mpaka hapa.

Barua ya mama niliisoma mimi. Nilimsomea kwa sauti. Nilimsomea kwa sauti kwa sababu mama haoni, wifi. Umesikia? Haoni. Ilianza mwaka jana kama ukungu pembeni. Daktari wa macho alisema mishipa ya nyuma inakufa, na kwamba kupasua hakutasaidia kitu. Mama akatuapisha usiambiwe. Alisema ukijua utakuja na basi la kwanza, utampakia kama mzigo, utamkalisha kwenye chumba chako cha ghorofani akisikiliza magari. Kwa hiyo mimi nikawa mtu wa kukwambia yuko bafuni. Kila ulipopiga, mama huyo huyo alikuwa amekaa mbele yangu, ananipungia mkono niseme hayupo. Unafikiri nilifurahia?

Sasa haradali. Ilipoanza kuchanua, kaka yako alikwenda na jembe ang'oe, kama ulivyomwagiza. Mama alikuwa amekaa pale pembeni. Akasema, "Kuna nini hapo mbele? Naona njano." Miezi yote alikuwa hajasema neno "naona". Kaka yako akaliacha jembe pale pale lilipokuwa. Tangu siku hiyo haradali haiguswi. Kila asubuhi anampeleka mama akakae mbele ya maua yake.

Mama hajui kama maua ndiyo yanayowalea viwavi. Hajaambiwa. Barua yako nilipoisoma, mistari ya haradali na ya dawa niliiruka. Nilimsomea shikamoo na kuulizia simu, basi.

Na dawa ameshapiga, wifi. Jumamosi, mama alipokuwa amelala mchana. Alirudi, akaoga mara mbili, usiku akatapika kwenye ndoo huku ameziba mdomo kwa taulo mama asisikie. Asubuhi mama aliuliza harufu ni ya nini, akajibiwa ni jirani anapiga dawa. Tena anataka kurudia wiki hii.

Mimi nimewachoka. Wewe unamtukana mume wangu kwa jambo usilolijua. Yeye anakufa kwa heshima. Mama anaficha, anafichwa. Na kila mmoja wenu akinikuta jikoni ananiambia, "Usimwambie fulani." Nimeolewa kuwa mke, sikuolewa kuwa kabati la siri zenu. Fanya kitu.

Wifi yako

*

Kituoni, 22 Juni

Kaka,

Wifi ameniambia. Usimguse kwa neno hata moja, amefanya kile ambacho wewe ulitakiwa kufanya mwaka jana.

Niliyoyaandika kuhusu chuki nayafuta. Lakini usidhani hasira imeisha. Imehama tu. Mama yangu amepofuka mwaka mzima na mimi nipo mjini nanung'unika kwamba hapokei simu! Wewe ni nani wa kuamua nisijue? Mama aliwaapisha, sawa, mama ana woga wake. Wewe una miaka arobaini na ndevu.

Maua ya njano yapo chungu nzima duniani. Nakutumia mbegu za alizeti na huyu dereva. Alizeti ni kubwa, ni njano kuliko haradali, na nondo wa kabichi hana habari nayo. Panda pale pale mama anapokaa, ng'oa haradali, rudisha bomba darini. Hivi ilikuwa ngumu kuniuliza? Hilo ni jambo la dakika tano kwa mtu yeyote wa ofisini kwetu.

Mdogo wako

*

Shambani, 25 Juni

Mdogo wangu,

Mbegu zimefika. Asante. Alizeti itachanua baada ya miezi miwili na zaidi. Daktari wa macho alisema mama amebakiwa na wiki chache tu za kuona chochote. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye msomi.

Unajua asubuhi zetu zinavyokwenda? Namshika mkono mpaka mwisho wa matuta. Namgeuzia ndoo, anakaa. Mimi nachuchumaa pembeni. Ananiuliza, "Leo yamefunguka zaidi?" Namwambia, zaidi ya jana. Anauliza nyuki wapo? Namwambia wapo, mmoja amekaa kwenye ua lililoinama upande wa kisima. Anacheka. Mama hajacheka tangu baba afe, isipokuwa hapo kwenye ndoo. Halafu wewe unaniambia ni jambo la dakika tano.

Unasema nimwambie. Nikimwambia kwamba maua yake ndiyo yanakula shamba, na kwamba mimi napiga dawa ili yasing'olewe, unafikiri atafanya nini? Unamjua. Hatakaa pale hata asubuhi moja zaidi. Amebakiwa na rangi moja duniani na mimi ndiye nikamnyang'anye?

Kifua kinanibana kidogo, ndiyo. Nimepiga mara mbili, imebaki mara moja, na matuta ya chini yatakuwa salama. Nitavaa koti la mvua. Nimeshawahi kuumwa vibaya zaidi.

Ukimwambia mama, huna kaka. Sitanii.

Kaka yako

*

Kituoni, 29 Juni

Wifi,

Hii msomee mama neno kwa neno. Usiruke. Kaka akiwa shambani, funga mlango, msomee.

Mama, shikamoo. Najua kuhusu macho. Siji kukuchukua, ondoa wasiwasi huo. Nitalia siku nyingine, leo nina haraka.

Haradali unayokaa mbele yake ilitakiwa kung'olewa ilipochanua. Inalea viwavi, viwavi wanakula kabichi, na kaka hataki kuing'oa kwa sababu wewe unaiona. Badala yake anapiga dawa unapolala mchana. Ile harufu haikuwa ya jirani. Ameshatapika, kifua kinambana, na wiki hii anarudia. Daktari alisema akirudia atakufa.

Ameniambia nikikwambia sina kaka. Basi bora anikatae akiwa hai kuliko abaki kaka yangu akiwa kaburini. Amua wewe.

Mwanao

*

Shambani, 2 Julai

Mwanangu,

Anayeandika ni mkwe wangu, anayesema ni mimi. Nimemwonya kwamba akiruka neno nitajua, kwa sababu kalamu yake inakwaruza, na ikinyamaza nasikia.

Marahaba. Nimewakasirikia wote watatu na sijui nianze na nani.

Nianze na wewe. Ulipoandika "amua wewe," ndiyo mara ya kwanza mwaka mzima mtu wa nyumba hii kuniambia hivyo. Kwa hilo nakushukuru. Lakini na wewe ulichelewa kwa kuwa hodari wa kugombana. Ungemuuliza kaka yako vizuri ile siku ya kwanza, asingekudanganya.

Mkwe alipomaliza kusoma nilimwambia anipeleke shambani. Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa. Haradali ilikuwa inanifika begani, shina lake gumu, huwezi kulikosa. Kabichi kadhaa nazo nilizing'oa kwa bahati mbaya. Zilikuwa zimebaki mifupa, hazikunidai kitu. Viwavi walinipanda mpaka kwenye viwiko. Siku zote hizi nilikuwa nawasikia wakinitembea nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nikadhani ni majani tu.

Kaka yako alikuja mbio. "Mama, acha! Mama, hayo ni yako!" Nikamwambia ashike tuta la pili ang'oe, asinililie kichwani. Aling'oa. Tulifukia mpaka jioni, mkwe akachimba zaidi yetu sote. Kisha nikaagiza bomba liletwe mikononi mwangu, nikakata mpira wake kwa kisu cha jikoni. Akiweka mwingine nitaukata pia. Ile harufu niliitambua tangu siku ya kwanza, nikajilazimisha kuamini habari za jirani. Macho ndiyo yamekufa, pua ni nzima. Kwa hilo najikasirikia mwenyewe.

Sasa nisikilize. Kaka yako amesimama mlangoni, anadhani sijui kama yupo, lakini kifua chake kinakoroma. Hili hajalisikia na yeye.

Njano nilikuwa siioni.

Mwanzoni niliiona, sikusema uongo. Haradali ya kwanza ilipochanua niliiona kama mtu ameanika kitambaa mbele yangu. Kisha asubuhi moja nilikaa kwenye ndoo, mbele pakawa sawa na nyuma. Nikangoja. Nikamuuliza, "Leo yamefunguka zaidi?" ili nijue kama ni mimi au ni mawingu. Akasema zaidi ya jana. Nikajua ni mimi. Ningefanyaje? Alikuwa na furaha ya mtoto. Tangu azaliwe huyu hajawahi kunikalia karibu hivyo na kuniongelesha mambo ya nyuki. Nikaogopa nikisema sioni, kesho yake ataning'olea maua na kurudi kwenye shughuli zake. Nikawa nauliza, anajibu, nacheka. Mchana anakwenda kujimwagia sumu kwa ajili ya maua ambayo hakuna aliyekuwa akiyatazama.

Mkwe ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Kaka yako ametoka nje. Mlango ameupiga mpaka vikombe vimelia. Mwacheni, ana haki. Mimi nina hasira zangu naye, na yeye ana zake na mimi, chakula kikiiva tutakula hivyo hivyo.

Wewe njoo, na uje na basi, usisubiri lori. Mimi usinijie, mimi sina haraka. Njoo umpeleke hospitali akasikilizwe hicho kifua. Mkewe amemwambia, amekataa. Mimi nimemwambia, amekataa. Sasa hivi yuko huko kwenye matuta peke yake na hasira zake, na akianguka mimi sitamwona.

Mama yenu